Ndugu Yake Chumvi

Minneapolis, 3 Oktoba 1948

Mdogo wangu Selmer,

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa ng'ombe wote kwa majina yao, maana wasiposalimiwa wao unaninunia wewe. Mimi mzima. Mafua yameondoka, mama mwenye nyumba hajaondoka. Bado anatupikia kabichi siku tatu mfululizo, na nyumba nzima inanuka soksi zilizochemshwa. Nakula huku nimebana pumzi.

Lakini shule ndiyo imenichefua zaidi. Ijumaa alikuja mkaguzi. Akasimama mbele ya jedwali la elementi, lile kubwa la ukutani, karibu na mishale niliyoichora ubaoni, akamnyooshea kidole Lavonne Prestegard, msichana wa darasa langu mwenye akili kuliko wote. "Tukishuka kwenye safu, atomu hufanyaje?" Lavonne akajibu, "Hukua, bwana." "Na tukienda kulia kwenye mstari?" "Husinyaa, bwana." Mkaguzi akapiga makofi. Kasuku naye angepigiwa. Lavonne akainua mkono, akauliza kwa adabu: inakuwaje atomu isinyae wakati kila hatua inaongezewa vitu ndani yake? Unajua alijibiwa nini? Yule bwana alitazama saa, akasema chakula kiko tayari. Ptu! Nilimweleza Lavonne mwenyewe kwenye ujia: kiini cha katikati kinazidi nguvu ya kuvuta, na elektroni zinazoongezwa zinakaa tabaka lile lile, basi zote zinavutwa ndani, zinakaribia jiko. Akaelewa mara moja. Mkaguzi alikuwa anakula pai.

Sasa neno lenyewe. Uliandika mwezi uliopita kwamba Daktari Ekern kaona moyo wa Mama umechoka, miguu inavimba, na kampigia marufuku chumvi. Halafu ukaandika "si mbaya sana", ukahamia habari za shayiri. Selmer, sisi Wanorwei, hata huku Amerika, nyumba ikiungua tunasema si mbaya sana, angalau tumeota moto. Mimi ni dada yako, si mgeni wa kanisani. Niambie anakula nini na anaonekanaje. Na usiniambie nipige simu. Laini yenu ni ya barabara nzima. Nikisema "habari" Klara Moen anaitikia "njema" kabla hujafungua mdomo.

Dadako,
Borghild


Nordalen, 24 Oktoba

Dada Borghild,

Shikamoo. Barua tumeipata, ng'ombe wameitikia. Shayiri imeingia yote ghalani. Paa la banda nimeliziba. Klara Moen ameumia mguu, lakini sikio zima.

Umetaka ukweli, haya. Jumamosi iliyopita ilikuwa karamu ya samaki wa magadi kanisani. Najua ulivyokuwa ukijificha chini ya meza ukiwaona wale samaki, wamelowekwa magadi mpaka wamelegea, wanatikisika kwenye sinia. Watu walikuja hata kutoka ng'ambo ya ziwa. Mama ndiye mkuu wa jiko la kanisa tangu mimi sijazaliwa, na desturi unaijua: milango haifunguliwi mpaka mkuu wa jiko aonje sahani ya kwanza na kusema, "Inalika." Sasa yeye alijipikia sahani yake pembeni, bila chumvi, kwa amri ya Ekern. Akaonja mbele ya wanawake wote. Akatema kwenye kitambaa. Akavua aproni, akaitundika, akaja kukaa ndani ya gari langu akitazama mbele. Klara ndiye aliyesema "Inalika" badala yake, na kusema kweli alisema kwa furaha iliyozidi.

Tangu hapo anakula mkate mkavu na chai. Anasema chakula bila chumvi ni kutafuna kitambaa cha kuoshea vyombo. Gauni la Jumapili amelibana kwa pini. Mwenziwe ni mzee Tollef Rud, yule mseja wa ng'ambo ya ziwa aliyekata waya wa simu yake ili Klara asimsikilize akikohoa. Naye ana moyo mbovu, na Ekern huyo huyo kamnyima chumvi. Baada ya ibada wanakaa benchi moja wanatajiana vyakula. Jumapili iliyopita walitaja ng'onda wa pipa mpaka Tollef akatoa leso.

Lakini si mbaya sana.

Nduguyo,
Selmer

Mama anataka kuongeza:
Borghild, mimi nakula. Selmer anakuza mambo. Vaa sweta. Mama.


Minneapolis, 1 Novemba

Selmer,

Salamu zote. Sina habari, nina hasira.

Mpe vitunguu vya kukaanga, siki, haradali, bizari, chochote chenye ukali. Na mwambie Ekern ale chakula chake cha hospitali wiki moja, kisha aje kuhubiri. Mtu mzima anayetema chakula mbele ya Klara Moen huyo amefika mwisho, hata kama mwandiko wake umenyooka. Mwandiko wa Mama utanyooka hata siku ya kiyama.

Borghild


Nordalen, 5 Desemba

Dada,

Shikamoo, na leo nakuamkia kwa furaha. Mama anakula!

Ngoja nikueleze. Ekern alikuja na kichupa cha buluu. Kitu kipya, chumvi isiyo chumvi, imetengenezwa mahususi kwa watu wa moyo. Bwana Skaar wa duka la dawa anayo rafu nzima. Nilimchemshia Mama viazi viwili, nikavinyunyizia. Akaonja. Nikasema moyoni, haya, anatema. Akala kiazi cha kwanza, akala cha pili, akaniuliza mbona nimemchemshia viwili tu kama kuku. Machozi yalikuwa yanamtoka, akasema ni mvuke. Siku hizi anainyunyizia kila kitu: uji, supu, mayai, chapati za viazi. Amerudi jikoni anapiga kelele. Hata mimi sikujua nilikuwa nimezikumbuka kelele zile kiasi hicho.

Naye kamnunulia Tollef chupa yake, zawadi ya Krismasi. Kaifunga kwenye karatasi nyekundu. Tollef, kama unavyojua desturi, alikataa mara mbili. Mara ya tatu Mama akaichomeka mwenyewe mfukoni mwa koti lake.

Unakuja Krismasi? Chumba chako nimekipaka rangi.

Selmer

Borghild, inalika. Mama.


Minneapolis, 9 Desemba

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa furaha. Mwambie Mama neno lake moja limenifanya nikae kitako kwenye ngazi.

Mara ya pili nilisoma kama mwalimu. Selmer, nisomee kilichoandikwa kwenye chupa. Si yale maandishi makubwa yenye picha ya bibi anayecheka. Yale madogo ya chini. Kitu chenye ladha ya chumvi ambacho si chumvi kinatoka mahali fulani, na nadhani mtaa wenyewe naujua.

Sikiliza, na usisinzie. Chumvi ya mezani ni sodiamu iliyofungwa na klorini. Kwenye jedwali langu sodiamu inakaa safu ya kwanza kushoto. Juu yake kuna lithiamu, chini yake potasiamu. Wote watatu wana elektroni moja tu tabaka la nje, na wote wanataka kuitoa. Basi wanafanana: metali laini, zinakatika kwa kisu cha mezani, na ukizitupa majini zinafanya fujo. Watu husema "ni familia moja" na kuishia hapo. Hapo ndipo ninapotaka kutapika. Maana kila ukishuka hatua moja atomu inaongezewa tabaka, kama wewe Januari unavyovaa sweta juu ya sweta, na ile elektroni ya nje inakaa mbali zaidi na kiini, inashikwa kwa ulegevu zaidi, inaponyoka kwa urahisi zaidi. Kila mwaka nawaonyesha wasichana. Lithiamu majini inatoa mapovu polepole, kama inaona haya. Sodiamu inayeyuka kuwa tone na kukimbia huku na huku. Potasiamu inashika moto wa zambarau kabla hujarudisha mkono. Safu ni moja, tabia inabadilika hatua kwa hatua. Hiyo ndiyo maana ya mishale ambayo mkaguzi anaipigia makofi.

Wewe na mimi tumetoka tumbo moja. Mtu akisema "hawa ni sawa", akakuweka wewe darasani kwangu na mimi nikamue ng'ombe wako, nani atapona?

Krismasi sitaweza. Tanuri la shule lina matatizo, na mwalimu mmoja lazima abaki.

Niandikie maneno madogo.

Borghild


Nordalen, 2 Januari 1949

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Theluji imefika kwenye madirisha. Ng'ombe mmoja amezaa ndama mweupe. Tulikuwa wawili mezani usiku wa Krismasi, na sahani yako Mama aliiweka hata hivyo, kisha akaiosha.

Barua yako nimeisoma, nikakumbuka kwa nini niliacha shule. Mama kapata kitu kimoja cha kumfurahisha baada ya miezi ya mateso, na wewe kutoka Minneapolis unataka kujua kina sweta ngapi. Nilimwuliza Ekern. Akacheka. Akasema ni binamu wa chumvi, damu moja, mwambie dada yako asiwe na wasiwasi. Yeye ni daktari, Borghild. Wewe unafundisha watoto kuwasha taa za spiriti.

Mama si mbaya sana. Mikono inatetemeka kidogo, ni baridi. Kumwaga kahawa kila mtu humwaga. Leo amepumzika, hakutaka kuandika.

Maneno madogo ni haya: lithiamu kloraidi. Umeridhika?

Selmer


Minneapolis, 8 Januari

Selmer,

Sikuridhika. Acheni hiyo chupa.

Salamu nitazitoa mwishoni, sasa sina nafasi. Katika safu nzima ile, lithiamu ndiyo ndugu asiyeeleweka kuliko wote. Ni mdogo, anakishikilia chake, na kwa mambo mengi anamfuata jirani wa mshazari, magnesiamu, kuliko ndugu zake wa damu. Ukimtia majini, pamoja na udogo wake, anajikusanyia maji mengi kuwashinda wenzake. Ulimi hauoni tofauti. Ulimi ni mjinga, hata mtoto anaupumbaza kwa peremende. Lakini damu ya Mama ina sodiamu tangu alipozaliwa, na sasa Ekern ameitoa sodiamu akamweka binamu kwenye kiti chake. Binamu atafanya nini humo ndani? Sijui! Nimekaa maktaba jioni tatu, na sijakuta mtu anayeweza kuniambia. Hilo ndilo linalonitisha. Hakuna anayejua, lakini wanauza, na wamechora bibi anacheka.

Nilimweleza Lavonne. Akaniuliza, "Si ulitufundisha wewe kwamba ni familia moja, tabia moja?" Nilijisikia nimekula samaki wa magadi. Ndiyo, hivyo ndivyo vitabu vyetu vinavyoandika, sentensi moja, kisha mishale, kisha mtihani. Uchafu mtupu.

Kwa nini Mama hakuandika? Tangu nihamie mjini hajawahi kukosa mstari wake. Mikono inatetemeka kiasi gani? Mficha maradhi, kilio humfichua. Niandikie kama mtu asiye Mnorwei.

Salamu.
Borghild


Nordalen, 30 Januari

Dada,

Barua hii sijui utaipata lini. Treni haijapita, theluji imefunika reli, na tarishi ameonekana mara moja tangu wiki iliyopita, kwa mbao za kuteleza. Laini ya simu imekatika kutoka mjini mpaka hapa. Klara atakuwa anaugua.

Barua yako nilimsomea Mama, niliruka sehemu za matusi. Alisema, "Borghild alikuwa anaogopa hata maziwa ya moto." Akaomba chupa yake. Basi.

Mambo yako hivi, kwa kuwa umetaka. Anatembea kwa kushika ukuta. Juzi aliangusha sufuria ya supu, akakaa sakafuni anaitazama supu. Mchungaji alifika kwa sleji kumtazama, akaondoka uso umebadilika. Nilimwona ananusa kikombe cha Mama. Mama yetu, ambaye hajaonja pombe hata siku ya ndoa yake! Ulimi wake umekuwa mzito. Chakula hakikai, anatapika. Analala mchana kutwa. Niliteleza mpaka kwa Ekern kwenda na kurudi, akasema huo ni moyo, na kama hana hamu ya kula basi aongezewe ile chumvi, chakula kipate ladha. Nimeongeza.

Si mbaya sana.

Na kama huamini, ungekuja uone. Hukuja Krismasi. Tanuri la shule yako hushikwa na homa kila mwaka tarehe zile zile. Inatosha, Borghild.

Selmer


TELEGRAMU. Minneapolis, 19 Februari 1949
SELMER TVEIT, NORDALEN
BARUA YAKO IMEFIKA LEO. REDIO IMESEMA. TUPENI CHUPA YA BULUU SASA HIVI. NI SUMU. WATU WAMEKUFA. MPE MAMA CHUMVI YA KAWAIDA. MWITE DAKTARI. TRENI HAKUNA. BORGHILD.


Nordalen, 27 Februari

Dada Borghild,

Anaishi. Nimeandika hilo kwanza ili usitafute.

Sasa nitakueleza yote, na sitatumia maneno yale mawili matatu unayoyachukia. Ilikuwa mbaya, Borghild. Ilikuwa mbaya kabisa.

Simu ilirudi Jumamosi ile ile ya telegramu yako, asubuhi. Mkuu wa stesheni hakuwa na mtu wa kutuma kwenye theluji, akaamua kunisomea telegramu yako kwa simu. Kengele yetu ikalia, na unajua kengele ya Tveit ikilia barabara nzima inashika mkono wa simu. Akasoma neno kwa neno. Alipofika "ni sumu" nilisikia mtu anavuta pumzi kwenye laini. Alipomaliza hakuna aliyejifanya hayupo. Klara alisema wazi, "Mungu wangu, dada yangu anayo jikoni," akakata. Halafu mwingine akakata, na mwingine. Nilizisikia simu zinawekwa moja baada ya nyingine mpaka nikabaki na mkuu wa stesheni peke yetu. Nyumba nne zilikuwa na chupa ile. Zote nne ziliitupa kabla sijafika chumbani kwa Mama. Miaka yote nimemlaani Klara kwa kusikiliza, na safari hii alisikiliza vizuri.

Mama alikuwa amelala tangu Alhamisi. Nilikuwa namwita usingizi. Nilimtikisa, nikampiga shavu, mimi, mama yangu. Macho yalifunguka na hayakuniona. Mwili wote unarukaruka kama ngozi ya farasi anayefukuza inzi. Chumvi ya kawaida ningempaje? Hamezi. Wana wa Klara wakapasua njia kwa farasi mpaka kwa Ekern, wakamleta. Aliingia akiwa na telegramu yake mwenyewe mfukoni, kutoka kwa wakubwa wake, ya tangu jana yake. Nilimwuliza kwa nini hakuja jana. Akasema njia. Wana wa Klara waliipasua kwa asubuhi moja.

Unajua alichofanya? Alichemsha maji, akapima chumvi kutoka kwenye kopo letu la jikoni, lile alilolipiga marufuku yeye mwenyewe Septemba, maana chupa zake za hospitali ziliganda njiani zikapasuka. Akayachuja, akayachemsha tena. Akamtundikia Mama maji ya chumvi kwenye mshipa. Akasema yakizidi moyo utazama, yakipungua Mama hatazinduka. Nilitamani kumtupa kwenye theluji, na nilikuwa nimemshikia taa. Kichefuchefu cha namna hiyo sijawahi kukipata, kumwangazia mtu unayemchukia ili asikosee.

Jumanne akafungua macho. Jumatano akanitambua, akaniambia ninanuka zizi. Leo amekula kiazi chenye chumvi halisi, kidogo, Ekern amekubali bila kunitazama. Mikono bado. Haiwezi kushika kalamu.

Sasa jingine. Tollef Rud hana simu. Hakuna aliyemkumbuka mpaka Jumatatu, hata mimi. Nilikwenda kwa mbao kuvuka ziwa. Bomba la jiko halikuwa na moshi. Alikuwa kitandani amevaa koti, na chupa ya buluu ipo mezani kando ya sahani, imekwisha kabisa. Karatasi nyekundu alikuwa ameikunja vizuri akaiweka kwenye Biblia.

Mama hajui. Ekern anasema mshtuko wowote utamuua. Usimwandikie habari hizo. Nakuomba.

Mdogo wako,
Selmer


Minneapolis, 5 Machi

Mdogo wangu,

Nimelia, nimenawa uso, sasa naandika.

Ahsante kwa kuandika "mbaya". Najua ilivyokuwia vigumu.

Gazeti la hapa linasema chupa zote zimeondolewa madukani. Kimya kimya, kama mtu anayefuta matapishi wageni wasione. Nilikwenda duka la dawa la mtaa wetu, rafu ni nyeupe, imepanguswa. Nikamwuliza muuzaji chupa za buluu ziko wapi, akasema, "Chupa gani, bibi?" Nikamtazama mpaka akainama. Huko kiwandani watu wenye digrii walikaa mezani wakasema: hii iko juu ya sodiamu, inafanana, tuiuze. Walikuwa na jedwali lile lile nililonalo mimi ukutani! Mtu anaweza kulitazama jedwali maisha yake yote asione kitu.

Jumatatu nilifuta mishale yote ubaoni. Niliwaeleza wasichana kisa kizima bila majina. Lavonne akauliza, "Kwa hiyo jedwali lilikuwa limeshasema kwamba itaua?" Nikamwambia hapana, halikusema hivyo. Lilisema tu kwamba si kitu kile kile, kwamba kila hatua ya safu kuna jambo limebadilika, kwa hiyo uliza kwanza, jaribu kwanza, mlishe panya kwanza. Lavonne akasema, "Na hawakuuliza." Darasa zima lilikuwa na uso kama limenusa yai viza. Sijawahi kuwapenda kama siku hiyo.

Kuhusu Tollef, siwezi kukuamulia. Lakini Selmer, tumekuwa tukimficha Mama, na Mama anatuficha, na nusura tuzikane kwa adabu. Ekern alisema pia lithiamu haina neno. Wewe ndiye uliyeko hapo, wewe ndiye unayemwona. Mimi nitafunga mdomo kama ulivyoomba, ingawa unanikereketa.

Dadako,
Borghild


Nordalen, 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Theluji inayeyuka, zizi ni tope tupu. Ndama mweupe tumempa jina lako kwa sababu ya kelele.

Mama anakaa kitini saa nzima. Anakula. Mikono imetulia kiasi cha kushika kijiko, na leo ameomba kalamu, utaona hapo chini, usicheke mwandiko. Bwana Skaar alileta chupa nyingine, ya kijani safari hii. Niliisoma maneno madogo mlangoni. Potasiamu. Nikamwambia, "Huyu ni wa chini ya sodiamu, sivyo? Mwenye moyo mbovu akimla atakuwaje?" Akasema hajui, atauliza. Nikamwambia akaulize kwanza, nikafunga mlango. Sijui kama nilikosea, lakini uso wake ulinifurahisha.

Tollef tulimzika Jumatano, ardhi ilipolegea, watu wachache. Mama bado hajui. Aliniuliza hali yake mara moja tu, nikamjibu, akaridhika, hajauliza tena. Nitamwambia akipata nguvu.

Selmer

Borghild,
Mkono ni huu, usome hivyo hivyo. Nimesoma hapo juu. Na zako zote nimezisoma, Selmer anazificha kwenye pipa la unga kana kwamba mimi siingii jikoni. Nilimwuliza, Tollef hajambo? Akanijibu, si mbaya sana. Nikajua amekufa.
Alikataa mara mbili. Ni mimi niliyemchomekea mfukoni.
Sitaki Ekern aniguse tena. Sitaki tena kitu kinachofanana na kitu. Jumapili Selmer atanipeleka kwenye kaburi la Tollef, yeye hajui bado. Nitampelekea ng'onda mmoja wa pipa, wa chumvi kweli, na Klara Moen atazame akitaka.
Njoo. Sahani nimeiweka, na safari hii siioshi. Tanuri la shule lizimike. Mama.